Soma Sampo Kabla Hujanunua Giaboksi Nyingine

Hilux Surf na Prado za injini ya 1KZ, ambazo bado zinabeba mizigo na familia nzima kwenye Barabara ya Ggaba jijini Kampala, zilitengenezwa Japani miaka ya tisini na mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018, Uganda hairuhusu tena kuingiza gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Kwa hiyo hizi zilizopo ndizo zilizobaki, na anayeipenda yake hana budi kuitunza. Odometa imeshapita kilomita 250,000, kama hakuna aliyeirudisha nyuma. Na ndani ya giaboksi ya otomatiki kuna filta ambayo mara nyingi haijaguswa na mtu tangu gari litoke kiwandani.

Mwongozo huu ni wa mwenye gari hapa Kansanga anayetaka kubadilisha filta hiyo mwenyewe uani kwake, au anayetaka kusimama kando ya fundi akielewa kila bolti inayofunguliwa. Kazi yenyewe ni ya nusu siku. Sehemu yake ya thamani zaidi iko katikati, sampo, yaani sinia la oili lililo chini ya giaboksi, ikiwa mikononi mwako, kwa kuwa hapo ndipo giaboksi inapokueleza kama bado ina maisha. Wengi huruka hatua hiyo. Humwaga oili, hutia nyingine, hufunga, halafu hushangaa.

Kwanza tuondoe hofu. Ukiuliza katika gereji za Kampala utaambiwa, "Ssebo, giaboksi ya zamani usiiguse. Ukibadilisha oili tu, itakufa." Kauli hii ina historia yake. Mwenye gari hukaa miaka bila kugusa oili mpaka gia zianze kuteleza, ndipo anakimbilia kuibadilisha. Giaboksi hiyo ilikuwa imekwisha kufa kabla sampo haijafunguliwa. Lawama huangukia oili mpya kwa sababu ndiyo iliyofika mwisho. Upo pia ukweli kidogo ndani yake: mashine ya kusukuma oili kwa presha inaweza kung'oa uchafu uliotulia kwa miaka na kuupeleka kwenye njia nyembamba za valvu. Giaboksi inayobadilisha gia vizuri haina sababu ya kuogopa filta mpya na oili safi iliyotiwa kwa utulivu. Inayoteleza tayari inahitaji uchunguzi kabla hujanunua chochote.

Filta ya giaboksi iko chini kabisa, ndani ya sampo, ikiwa imezama kwenye oili. Pampu hunyonya oili kupitia humo na kuisukuma kwenye valvu bodi, na ni presha ya oili hiyo inayobana sahani za klachi. Filta ikiziba, pampu inakosa oili ya kutosha, presha inashuka, sahani zinateleza badala ya kushikana, zinachomeka, na unga wake unaenda kuziba filta zaidi. Dalili zake utazijua. Asubuhi unaweka D na gari linakaa sekunde mbili au tatu kabla ya kuvuta. Ukipanda Muyenga na mzigo, mshale wa mizunguko ya injini unapanda lakini gari haliongezi mwendo. Unasikia mlio mwembamba wa pampu ambao unabadilika ukikanyaga mafuta. Dalili hizi zina sababu nyingine pia, lakini sampo ni mahali rahisi pa kuanzia kuzitafuta.

Joto ndilo adui mkubwa, na Barabara ya Ggaba hulizalisha kwa wingi. Foleni ya jioni kuanzia Kabalagala ni kusogea na kusimama, kusogea na kusimama, na kila unaposogea polepole toki konveta inakoroga oili ndani yake na kugeuza nguvu ya injini kuwa moto. Surf na Prado nyingi zina taa ya dashibodi yenye maandishi A/T OIL TEMP. Ikiwaka, simama pembeni, weka N au P, acha injini ingurume mpaka oili ipoe. Usiizime injini, maana ikizimika pampu inasimama na oili haipiti tena kwenye kipoozeo.

Kabla ya kununua filta, hakikisha gari lako ni la aina inayozungumzwa hapa. Malori madogo ya Isuzu Elf yenye mfumo wa Smoother hayana kanyagio la klachi, na wenyewe huyaita otomatiki, lakini ndani yana giaboksi ya meno ya kawaida inayobadilishwa gia kwa mitambo na kompyuta. Utaratibu huu hauyahusu. Prado nyingi za baadaye zenye kasi tano zina filta na sampo, ila hazina dipstiki. Kiwango cha oili hupimwa kwa kufungua kizibo cha kupimia oili ikiwa kwenye joto maalumu, na hiyo ni kazi ya gereji yenye kompyuta ya kusoma joto. Maelezo yanayofuata ni ya giaboksi ya kasi nne yenye dipstiki, kama zile za familia ya A340 zilizofungwa kwenye Surf na Prado za zamani.

Kwenye spea, nenda soko la Kisekka au maduka yanayolizunguka ukiwa na namba ya fremu, si jina la gari peke yake. Namba hiyo iko kwenye kibati ndani ya boneti: Surf nyingi za 1KZ za miaka hiyo huanza na KZN185, Prado ya milango mitano KZJ95. Muuzaji anayejua kazi yake ataitumia kutafuta filta inayolingana. Asiyejua atakuambia "zote ni moja". Zinafanana kwa sura, na tofauti ya kimo cha shingo au nafasi ya tundu moja la bolti inatosha kufanya pampu inyonye hewa. Patana naye mapema kwamba utairudisha kama hailingani na ya zamani, na usiufungue mfuko wake mpaka siku ya kazi. Nunua pia gasketi ya sampo na washa ya nati ya kumwagia.

Oili ndiyo inayowapoteza watu wengi. Giaboksi hizi ziliundwa kwa oili ya daraja la Dexron II au III. Maandishi hayo mara nyingi yako kwenye dipstiki yenyewe. General Motors iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo chupa unayoiona leo inasema tu kwamba inafuata viwango hivyo. Hilo si kosa, ila linamaanisha unanunua neno la mtengenezaji: chagua kampuni inayojulikana, na kopo lenye muhuri usioguswa. Oili ya Toyota iitwayo WS ni nyepesi zaidi na ilikuja kwa ajili ya giaboksi za baadaye. Usiitie kwenye Surf ya 1996 kwa sababu tu ni ya Toyota na ni ghali. Na jihadhari na oili nyekundu ya kupimwa kwa chupa ya maji ya kunywa. Rangi nyekundu ni dawa tu iliyotiwa ili itambulike, haielezi ubora wowote. Nunua lita sita hata kama hutazitumia zote.

Siku ya kazi, chagua mahali. Kansanga ina miteremko mingi na nyua nyingi ni za udongo mwekundu, ambao baada ya mvua za Machi hadi Mei hautabiriki. Stendi ya jeki huzama kwenye udongo laini polepole, bila kelele, na gari la tani mbili likiwa juu yako hutapata nafasi ya kujifunza mara ya pili. Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa. Ukikosa, weka ubao mgumu na mpana chini ya kila stendi, kisha litikise gari kwa nguvu kabla hujaingia chini. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Zuia magurudumu kwa mawe au mbao, vuta breki ya mkono. Surf iko juu kiasi kwamba mtu mwembamba anaweza kufanya kazi hii bila kulinyanyua kabisa, na kama unaweza, fanya hivyo.

Endesha kidogo ili oili iwe ya uvuguvugu na ibebe uchafu wake inapotoka. Isiwe ya moto: baada ya safari ndefu inaweza kupita nyuzi 80, nayo inaunguza, na bomba la ekzosi lililo karibu linaunguza zaidi. Vuta dipstiki uifutie kwenye karatasi nyeupe. Oili ya kahawia ya kawaida ni uzee. Nyeusi yenye harufu ya kuungua ni sahani zilizochomeka. Ukiona rangi ya waridi iliyochafuka, nzito kama maziwa ya strobari, acha filta kabisa: maji ya rejeta yameingia kwenye oili, kwa kuwa kipoozeo cha giaboksi kimo ndani ya rejeta na kimepasuka. Hapo kazi ya kwanza ni rejeta, na gari lisiendeshwe hata mpaka barabarani.

Fungua nati ya kumwagia, acha oili iingie kwenye beseni safi. Usafi wa beseni ni muhimu, maana utahitaji kupima kiasi kilichotoka na kukichunguza. Kisha safisha ukingo wote wa sampo kwa brashi na petroli, mbali na jiko na sigara, ili mchanga wa barabarani usidondokee ndani. Angalia kama kuna bomba la dipstiki au waya lililofungwa kwenye sampo, ulitoe. Legeza bolti zote kidogo kidogo, za vichwa vya namba 10, ukiacha nne za pembeni zikiwa zimeshika kwa nyuzi chache. Sampo ikigoma kutoka, igonge ubavuni kwa nyundo ya mpira. Usichomeke bisibisi kati ya sampo na giaboksi. Alumini ya giaboksi ni laini, na mkwaruzo mmoja tu kwenye uso wake utavuja mpaka gari liuzwe. Bado kuna oili ndani, kwa hiyo teremsha upande mmoja kwanza.

Sasa simama. Peleka sampo kwenye mwanga wa jua.

Chini yake utakuta sumaku ndogo zimekaa kwenye vishimo, na zote zitakuwa na tope la kijivu. Chukua tope hilo kati ya kidole gumba na cha shahada, ulisugue. Likiwa laini kama grisi, bila kuchoma, ni chuma kilichosagika kidogo kidogo kwa miaka, na giaboksi yenye kilomita laki mbili na nusu bila tope hilo ndiyo ingenishangaza. Hata kama ni unene wa nusu sentimita juu ya sumaku, ilmradi ni laini, endelea na kazi ukiwa na moyo mkunjufu. Likiwa na vipande vinavyochoma, vyembamba kama sindano au vyenye kona, ni chuma kilichokatika kutoka kwenye beringi au meno ya gia, na hicho hakiponi kwa filta.

Angalia kisichoshikwa na sumaku pia. Mng'ao wa njano, kama vumbi la dhahabu kwenye oili, unatoka kwenye bushi za shaba nyeupe au nyekundu, na ukiwa mwingi maana yake shafti inacheza mahali isipotakiwa kucheza. Vipande vyeusi vinavyokatika ukivibana kwa ukucha ni ngozi ya sahani za klachi. Unga mweusi kidogo unatarajiwa. Magamba yanayoonekana kwa macho ni habari mbaya. Chuja oili ya kwenye beseni kupitia kitambaa cheupe, usome kilichobaki. Piga picha ya kila kitu, sumaku, sampo na kitambaa, zikiwa na tarehe na kilomita. Picha hizo zitakusaidia mara nyingine utakapofungua, kuona kama hali inazidi kuharibika au imetulia, na zitakusaidia pia mbele ya fundi yeyote atakayetaka kukuuzia giaboksi ya mtumba kabla hajaiona yako ndani.

Hapa ndipo uamuzi unapofanyika. Tope laini, hakuna vipande: weka filta mpya. Vipande vya chuma au magamba mengi: funga sampo na filta ya zamani, iliyosafishwa kama ni ya kuoshika, tia oili ya kutosha kulifikisha gari kwa fundi wa giaboksi, na weka fedha zako kwa ajili ya matengenezo ya kweli. Uchungu upo, lakini ni mdogo kuliko kutumia filta mpya na lita sita za oili, halafu kununua giaboksi, ndani ya mwezi mmoja.

Filta yenyewe imefungwa kwa bolti chache chini ya valvu bodi. Bolti hizo zinaweza kutofautiana urefu. Chora umbo la filta kwenye boksi la karatasi na uchomeke kila bolti mahali pake, maana ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inaweza kupasua alumini au kugusa kitu ndani. Oili nyingine itamwagika ukiitoa. Tazama juu: gasketi au pete ya mpira ya filta ya zamani huwa inabaki imeng'ang'ania kwenye tundu, na ukiweka mpya juu yake pampu itanyonya hewa. Weka filta mbili kando kwa kando, pima kimo, linganisha matundu. Safisha sampo na sumaku kwa petroli, zikauke, zirudishe sumaku kwenye vishimo vyake hasa. Usitumie pamba wala tambara linalotoa nyuzi. Uzi mmoja unatosha kukwamisha valvu.

Watu wataniuliza kuhusu kuosha filta. Ile ya wavu wa chuma unaouona kwa macho inaweza kuoshwa kwa petroli, ikapulizwa kwa hewa kutoka ndani kwenda nje, ikarudi kazini, endapo mpya imekosekana. Ile yenye kitambaa au karatasi ndani ya ganda haioshiki, kwa sababu uchafu umeingia katikati ya nyuzi na petroli inausogeza tu.

Kufunga ndiko kunakoharibu giaboksi nyingi za jirani zetu. Bolti za filta zinahitaji takriban Newton mita 10, za sampo 7 hivi, nati ya kumwagia 20. Ni nguvu ndogo sana. Kwa asiye na spana ya kupimia, shika rachi fupi karibu na kichwa chake kwa vidole, na ikiacha kuzunguka kwa urahisi, acha. Zungusha bolti za sampo kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa msalaba, kwa awamu mbili au tatu. Anayekaza kwa mkono mzima anapinda ukingo wa sampo, oili inavuja, anakaza zaidi, mwishowe nyuzi za alumini zinang'oka. Ukitumia gasketi, usiongeze silikoni. Silikoni inayozidi huchuruzika ndani, hukatika vipande, na hurudi kwenye filta mpya uliyoilipia.

Mimina oili kwa faneli kupitia bomba la dipstiki, kiasi kilekile kilichotoka ukipunguza nusu lita. Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia zote polepole kutoka P hadi L na kurudi P, ukikaa sekunde chache kwenye kila moja. Pima kiwango cha oili injini ikiwa inanguruma, gari likiwa mahali sawa, kwa alama za baridi. Kisha endesha mpaka Munyonyo na kurudi ili oili ifike nyuzi 70 hadi 80, upime tena kwa alama za moto. Ongeza kidogo kidogo, robo lita kwa robo lita. Iliyozidi huchapwa na gia zinazozunguka, hutoa povu, na povu halina presha. Unajikuta na dalili zilezile ulizotaka kuziondoa.

Ukiwa upande huo wa Munyonyo, ingia barabara kuu ya Entebbe ujaribu jambo moja. Kwenye kilomita 80 kwa saa, gia ya juu, mwendo uliotulia, gusa kanyagio la breki kidogo sana bila kupunguza mwendo. Mshale wa mizunguko unapaswa kupanda kidogo na kurudi ukiachia. Hiyo ni toki konveta inayojifungua na kujifunga, na ikifanya hivyo vizuri, umeme na presha ya giaboksi viko katika hali njema.

Oili chafu irudishe kwenye makopo uliyonunulia, uyafunge, uyapeleke kwenye gereji au kituo cha mafuta kinachokusanya oili iliyotumika. Nasema hili kwa uzito. Mtaro wa Kansanga unashuka hadi Ghuba ya Murchison, na kwenye ghuba hiyo hiyo, pale Ggaba, ndipo mitambo ya shirika la maji inapovuta maji mengi ya jiji la Kampala. Unachomwaga kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba kinakwenda kule unakochota maji ya chai.

Kazi haijaisha siku hiyo. Giaboksi hii inabeba oili ya takriban lita 10, na nyingi imebaki ndani ya toki konveta. Tuseme umebadilisha lita 4: oili mpya ni asilimia 40 tu. Ukimwaga na kutia tena lita 4 baada ya kilomita elfu moja, utafika asilimia 64, na mara ya tatu karibu 78. Kwa giaboksi ya umri huu njia hii ya hatua kwa hatua naiona bora kuliko mashine ya kusukuma, hata kama mashine ingekuwa ya bure, na mara ya pili na ya tatu huhitaji kushusha sampo ikiwa gari linavuta vizuri. Nati ya kumwagia inatosha, ingawa kitatoka kidogo zaidi ya nusu ya kile kilichotoka mara ya kwanza, kwa hiyo fanya hesabu yako upya na uongeze raundi zaidi. Baada ya hapo, kwa mtu anayepita Kabalagala kila jioni, kilomita 40,000 ni muda wa kutosha kabla ya kufungua sampo tena na kuweka picha mpya kando ya zile za zamani. Angalia dipstiki kila mwezi, na ukingo wa sampo kila asubuhi kwa wiki ya kwanza: tone likionekana, kaza bolti iliyo karibu nalo kwa robo mzunguko, usizidishe.